Swali la Kumi na Nne

Foleni ya wapishi ilianzia mlango wa choo, ikapinda penye lifti mbovu, ikaishia mbele ya meza ya Shangazi Fomu. Kila mmoja alikuwa amekumbatia hotipoti yake. Kazi ya Shangazi Fomu ilikuwa kuwachuja waombaji wa shindano la upishi la televisheni, na mbele yake palikuwa na kijiko, glasi ya maji na fomu zenye maswali kumi na tisa. Swali la kumi na nne liliuliza: Nani alikufundisha kupika? Chini kabisa, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa: Atakayedanganya ataondolewa.

Wa saba alikuwa fundi saa. Alipofunua hotipoti, mvuke ulipanda, na kwenye mvuke akatokea mzee mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, amefunga aproni. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, na bado akachungulia wali akalalamika kwamba haujakolea chumvi. Mvuke ulipoisha, naye akaisha.

"Huyo nani?" aliuliza Shangazi Fomu.

"Babu, mzaa mama. Yule hajawahi kusifu kitu."

Shangazi Fomu akaandika kwenye swali la kumi na nne: Babu, amefika mwenyewe. Kisha akasema, "Anayefuata."

Siku ile walitokea wengi mvukeni. Kinyozi mmoja, mwingi wa maneno, alikuwa ameandika kwamba alijifundisha mwenyewe bila msaada wa mtu. Alipofunua chakula chake akatokea mkewe, mzima wa afya, na pasi mkononi, kwa kuwa saa ile alikuwa nyumbani ananyoosha nguo. "Mwenyewe, eh?" alisema mke. "Haya, utanikuta." Kinyozi akaomba kalamu asahihishe. Alasiri mke alipiga simu studio kuwaarifu kwamba shati limeungua.

Shangazi Fomu alikuwa mdadisi tangu utotoni, mtu wa kufunua sufuria za watu. Akaanza kuwauliza wageni wa mvukeni maswali yasiyokuwemo kwenye fomu. Mbona unakoroga kwa mkono wa kushoto? Na wewe ulifundishwa na nani? Wengine walijibu, wengine waliisha katikati ya sentensi. Akagundua kwamba chakula cha vuguvugu hutoa kichwa tu, na kilichopoa hakitoi mtu.

Siku ya tatu, ya mwisho ya mchujo, akaja Jaji Mkuu wa shindano. Watu walimwita Bwana Kijiko, kwa sababu ya kijiko cha fedha kilichochomoza kwenye mfuko wa koti lake. Alikuwa na mgahawa, na alikuwa na mchuzi wa nyanya na tangawizi uliouzwa kwenye chupa zenye sura yake, anacheka, chini ya jina Bwana Kijiko. Desturi ya shindano ilikuwa kwamba siku ya mwisho ya mchujo aupike mchuzi huo mbele ya waliopita, nao wauige.

Mchuzi huo Shangazi Fomu aliujua vizuri. Mama yake aliosha vyombo kwenye mgahawa wa Bwana Kijiko miaka ishirini na miwili, na aliupika nyumbani kwake kabla mgahawa haujajengwa. Sasa mama alikuwa na miaka saba kaburini. Shangazi Fomu aliwahi kulisema hilo kazini mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa aache kupiga chuku. Akanyamaza, lakini lilimkaa kooni. Hakutaka kikubwa. Alitaka jina la mama yake litajwe, mara moja tu, watu wakisikia.

Bwana Kijiko akafunua sufuria. Mama akatokea, kitambaa kichwani, mikono ya gauni imekunjwa, vidole vimenywea kwa maji ya vyombo.

"Shikamoo, mama," alisema Shangazi Fomu.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Akamgeukia Bwana Kijiko. "Na wewe, tangawizi umeiwahisha tena. Nikwambie mara ngapi?"

"Samahani, mama," alisema Bwana Kijiko, kwa mazoea, akapunguza moto. Chumba kizima kilisikia.

Shangazi Fomu akachukua fomu mpya, akamsogezea, akaweka kidole kwenye swali la kumi na nne. Bwana Kijiko alisoma, akatoa kalamu yake, akaandika: Mimi mwenyewe. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo aliendelea kutazama sufuria mpaka akaisha.

"Amedanganya," alisema Shangazi Fomu. "Fomu inasema aondolewe."

Mtayarishaji wa kipindi alikuwa mwanamke mpole. Alikiri kwamba amemwona marehemu, na kwamba alikuwa mama wa watu, Mungu amrehemu. "Lakini dada yangu, fomu ni za washiriki. Majaji hawajazi fomu." Akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba tangu Jumatatu. Meza ikatulia.

Kuanzia hapo ikawa kanuni: chakula hakionjwi mpaka kikae dakika arobaini mbele ya feni. Watazamaji waliambiwa kwamba mvuke unatia ukungu kwenye kamera. Majaji wakazoea kula vitu baridi na kuvisifu. Fundi saa alifika fainali, na babu yake hakupata nafasi ya kulalamika.

Shangazi Fomu hakuacha kazi. Alinuna wiki mbili, halafu Jumapili moja mchana akanunua chupa ya mchuzi ule dukani, akaupasha jikoni kwake. Mama akatokea, akaiona chupa mezani.

"Si mchuzi wangu huo?"

"Ndio, mama."

"Na huyu anacheka nini? Hebu nisomee walivyoandika."

Shangazi Fomu akasoma. Nyanya, vitunguu, tangawizi, chumvi. Weka mahali pasipo na jua. Tikisa kabla ya kufungua. Akaigeuza chupa, akasoma na upande wa pili, polepole, mpaka yakabaki maneno mawili makubwa yaliyo juu ya ile picha. Hayo hakuyasoma.

"Basi?" aliuliza mama.

"Basi, mama."

Mama akachungulia sufuria. "Haya, ongeza maji, unaungua."

Shangazi Fomu akaongeza maji. Mchuzi ulipoanza kukauka akaongeza tena, na tena, mpaka ukawa hauna ladha yoyote, na mama bado yupo.