Umeme Uliobaki Garini kwa Appolinaire

Appolinaire alikuwa mtu wa kujisifu, hilo kijiji kizima cha Juru walilijua, lakini safari hii alikuwa na haki. Mkewe Constance alipangiwa kujifungua kwa upasuaji hospitalini Mbarara siku ya Ijumaa, na gari la kumpeleka lilikuwa lake mwenyewe. Taa zake za zamani zilinyonya betri huku mwanga wenyewe ukiwa wa kubahatisha. Akaenda kwa fundi wa magari huko Nyamityobora, akafungiwa taa za LED.

"Hizi zinakula nusu ya umeme tu, ssebo," fundi akamwambia kwa heshima.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Wengine walishukuru kwa kupona malaria. Yeye akamshukuru Mungu kwa taa. "Bandugu, umeme mingi inabakia mu betri!" Kanisa zima likaitikia amina.

Jumanne asubuhi gari halikuwaka mpaka lilipoazimwa umeme wa gari jingine. Jumatano vivyo hivyo. Kichwa kikamzunguka. Taa zinakula kidogo, betri inakufa upesi: hesabu ya wapi hiyo? Akarudi kwa fundi. Fundi akapima huku na huku, akakuna kidevu.

"Taa hazina makosa. Betri mzima. Iko kitu ingine inakula."

Kitu gani? Appolinaire akachungulia chini ya viti, akanusa betri, mwishowe akaliwekea gari mikono na kuliombea kama mgonjwa. Aliogopa, tena aliogopa kweli. Likigoma Ijumaa, Constance angefikaje Mbarara?

Ijumaa likagoma, halikutoa hata mlio. Constance, ameketi nyuma ameshika tumbo, akaanza kumlilia mumewe.

"Baba Vanessa, usinikasirikie. Ni mimi."

Kumbe kila jioni, Appolinaire akiwa shambani, waumini walileta simu zao, naye Constance akawafungulia gari wazichaji. Jirani yao Mihigo alileta hata spika ya kwaya.

"Wewe mwenyewe ulisema umeme inabakia," Constance alisema. "Mutu akikuomba kitu yenye inabakia, utamunyima namna gani?"

Appolinaire akafungua mdomo, hasira zimemjaa, asijue amgombeze nani: mke, kanisa, au ulimi wake mwenyewe. Gari lenyewe lilikuwa la otomatiki, hata kusukumwa lisingewaka, na hapo karibu hapakuwa na gari la kuliazima umeme. Mihigo, aliyekuja kuwaaga pamoja na waumini wengine, akatoa simu yake iliyojaa chaji, akapiga. Mama Mukarukundo naye akapiga. Ua mzima ukawa unapiga, kila mtu kwa ndugu mwenye gari au anayemjua mwenye gari, na hakuna simu iliyozimika.

Yakaja magari matatu, moja bado limebeba mahindi. Constance akaingizwa katika lililotangulia, na mumewe akaketi kando yake. Walikuwa wameshaiacha Juru nyuma Appolinaire aliponong'ona, bado amechanganyikiwa:

"Lakini kama taa zinakula nusu, ile nusu ingine ilienda wapi?"

Constance akamshika mkono.

"Ilienda mu simu ya batu, na njo hii inatupeleka Mbarara."