Alama ya Vema kwenye Kisanduku cha Pili

Wenzake walimwita Bisibisi, kwa kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, na haingii nyumba ya mtu bila kufungua kitu. Aliajiriwa na kampuni ya dhamana za vyombo vya umeme. Friji ikigoma au jiko likikataa kuwaka, yeye hutumwa, hufungua, hutazama, kisha hujaza fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza ni hitilafu ya kiwandani, na hapo kampuni hutengeneza. Cha pili ni matumizi mabaya, na hapo mteja hujijua mwenyewe.

Siku moja alitumwa kwa mama mmoja mjane ambaye mashine yake ya kufulia ilikuwa ikinguruma kama inasaga kokoto. Bisibisi aliifungua, akaona mara moja: beringi za pipa, zile pete za chuma zinazoliwezesha kuzunguka, zilikuwa mbovu tangu kiwandani. Lakini asubuhi ile msimamizi wake alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Wewe kila nyumba ni kiwandani tu. Unatufanyia kazi sisi au wateja?" Wenzake walicheka. Basi akatia alama ya vema kwenye kisanduku cha pili, na chini yake akaandika: mashine ilijazwa nguo kupita kiasi. Yule mama akatia saini.

Baada ya miezi mitatu alirudi nyumba ileile. Safari hii ilikuwa friji, mpira wa mlango umelegea. Alipopita uani alimkuta mkamwana wa yule mama ameinama juu ya beseni, anafua mashuka kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia kiganjani.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Ni kifundo tu, kaka. Kukamua mablanketi."

Mama mkwe alitokea mlangoni. "Usimpe pole huyo. Ndiye aliyeniulia mashine. Nilimwambia usishindilie nguo, akaniapia kuwa hashindilii. Ulipoandika wewe, ndipo nikajua naishi na mwongo."

Mkamwana hakuinua kichwa. "Nisamehe, fundi," alisema taratibu. "Nilikuwa natia mashuka mawili. Sikujua kama ni mengi."

Mashuka mawili! Mashine ile ilibeba hata sita. Bisibisi alihisi masikio yakiwaka moto. Aliingia jikoni, akajikaza kisabuni, akabadilisha mpira wa friji. Kutoka uani alisikia maji yakimwagwa, na yule mwanamke akigugumia kwa maumivu kila alipokamua. Alimaliza, akafunga sanduku lake la vifaa, akaaga. Alifika hadi getini. Akasimama hapo akiwa ameshika komeo, na kwa muda hakujua kama anatoka au anarudi.

Alirudi.

"Mama," alisema, macho chini, "mashine hakuiharibu mkweo. Ilikuja mbovu. Niliona siku ileile nilipoifungua."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukaandika vile?"

Alitaka kumtaja msimamizi. Jina lilimfika ulimini, akalimeza. "Niliandika mimi, mama."

Alitegemea matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Lakini yule mama alimwacha amesimama pale, akamgeukia mkamwana wake. "Miezi mitatu," alisema. "Nimekuita mwongo mbele ya mume wako. Mbele ya dada zangu." Akavua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akachuchumaa mbele ya beseni. "Toa mkono majini."

Mkamwana alitoa mkono, lakini hakusema amesamehe. Alimtazama Bisibisi kwa mara ya kwanza, bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa. "Mimi mwenyewe niliamini," alisema. "Kila usiku nilikuwa nahesabu yale mashuka kichwani, nione nilikosea wapi."

Bisibisi alishika tena sanduku lake, akatoka. Neno pole, ambalo alikuwa amelitoa bila taabu alipoingia, sasa aliliona dogo mno.

Jioni hiyo aliandika ripoti mpya kwa mkono wake, akaeleza kuwa ya kwanza ilikuwa ya uongo na alijua hivyo. Msimamizi aliisoma mara mbili, akamhamishia stoo kupanga vipuri. 

Wiki mbili baadaye beringi mpya za mashine ile zilipitia mikononi mwake. Alizifunga vizuri kwenye boksi, kisha akasoma karatasi ya kazi iliyoambatana nazo. Kwenye nafasi ya maoni ya mteja palikuwa na mstari mmoja: Tunaomba aje fundi mwingine.

Akampa boksi fundi mwingine, akarudi kupanga vipuri.