Mataruma Manne ya Mninga

Haya nimehadithiwa na Nasma mwenyewe, binti wa jirani yangu marehemu, Jumapili iliyopita alipokuja kunisaidia kuchambua choroko. Alikuwa amechoka hata choroko zinamponyoka. Mikono yake ina vipele mpaka viwikoni. Nikamuuliza ana nini, ndipo akaanza kusema.

Kikundi chao cha mwani hapa Kigombe kina boti moja la faiba. Likaanza kulegea sakafu, mtu akikanyaga tumbo lote la boti linacheza. Kumbe mataruma manne, zile mbao za kukingama ndani zinazolishika boti lisijikunje, yameoza humo humo ndani ya faiba. Bamvua lililopita, yale maji makubwa yanayotoka mbali, hawakuweza kutoka kuvuna. Mwani ukikosa na bamvua la pili unakatika kwenye kamba unakwenda zake, na kazi ya miezi miwili ndiyo imekwisha. Bamvua lilikuwa Jumamosi.

Fundi wa faiba, Wilfred, alikuwa na kazi Pangani. Akasema haji, ila ataelekeza kwa simu. Wanakikundi wenzake wakamtazama Nasma, maana ndiye aliyewahi kushika grenda, wakati wa marehemu mumewe aliyekuwa akichomelea vyuma. Faiba hakuwahi kuigusa.

"Kwanza egemeza viroba vya mchanga pande zote, dada," Wilfred akamwambia. "Ukitoa mbao bila kuegemeza, boti litapanuka na halirudi tena."

Akaegemeza. Jumatatu na Jumanne akaikata kwa grenda faiba iliyofunika mbao. Mbao za ndani alizitoa kwa mkono, zimelowa kama mkate uliotiwa kwenye chai. Vumbi la faiba likamwingia mwilini, likawasha kuliko upupu, na usiku hakupata usingizi kwa kujikuna. Shamsiya, mwenzake wa kikundi, akapita akamkuta mweupe kichwa mpaka miguu.

"Nasma, unga wote huo, kwako kuna harusi?"

"Ipo. Njoo ukande."

Shamsiya akacheka akaenda zake.

Jumatano akaja Mselem, mjomba wa Nasma, kabeba mataruma mapya ya mvule aliyoyachonga kwa tezo. Mselem maisha yake yote ni fundi wa vyombo vya mbao. Siku hizi macho hayaoni vizuri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mataruma yako haya. Mwaka wa sita huu sijaombwa taruma."

Nasma akaenda kuswali adhuhuri, akajinyoosha kidogo usingizi ukampitia. Aliporudi akakuta mbao zinang'aa, zinanukia papa. Lakini harufu ya papa hapa kwetu nani ataishangaa? Akachanganya gundi na dawa yake ya kugandisha, akalaza mkeka wa faiba juu ya mbao, tabaka tatu, kama alivyoelekezwa. Mgongo ulimuuma hata akashindwa kuinuka, akatambaa kutoka kwenye boti.

Alhamisi asubuhi akagonga taruma la kwanza kwa kijiko. Likalia tupu. Akaingiza kidole ukingoni, faiba yote ikabanduka kama ganda la ndizi. La pili hivyo hivyo. Akampigia Wilfred, simu ameiweka juu ya kiroba inasikika na wote.

"Mbao ilikuwa kavu?"

"Kavu."

"Mlipaka kitu?"

Nasma akanusa kidole chake. "Mafuta ya papa."

Wilfred akasema, "Dada, hiyo si ngalawa. Gundi haishiki kwenye mafuta."

"Nikizipiga randa?"

"Zimeshakunywa hizo. Tafuteni nyingine, kavu kabisa. Na humo ndani pafute mafuta kwa tina, upige msasa upya."

Mselem alikuwa amekaa pale pale juu ya ndoo. "Nilipaka mimi," akasema. "Sikukwambia kwa sababu sijaona ubao ukaingia baharini bila mafuta. Baba yangu angenichapa."

Nasma anasema alitaka kukasirika, nguvu zikakosekana. "Basi, mjomba."

"Si basi. Kesho kutwa bamvua."

Mbao za Muheza zingekuja mbichi, na kuzikausha kunataka mwezi. Mselem akainuka akaenda nyumbani. Nasma akaanza kufuta na kupiga msasa, vumbi lile lile, vipele vile vile. Kama saa tano mzee akarudi na miti miwili begani, kamba zinaning'inia.

"Mjomba, hiyo si mifumbati ya kitanda chako?"

"Mninga huu. Miaka arobaini uko ndani ya nyumba. Haujaonja maji wala mafuta."

"Na wewe utalala wapi?"

"Kwani sakafu imekwenda wapi?"

Shamsiya naye hakosi la kusema. "Mjomba Mselem, sasa ukipata mchumba utamweka wapi?"

"Atanikuta chini, ataniinua."

Kila mfumbati akaukata vipande viwili, yakapatikana mataruma manne. Safari hii alinawa kwa sabuni mara mbili, na kila anapotaka kushika alimwuliza Nasma kwanza, "Hapa niguse?" Nasma anasema neno hilo lilimchosha kuliko grenda, kumsikia mjomba wake anaomba ruhusa ya kugusa ubao.

Ijumaa kabla ya swala wakamaliza tabaka la mwisho. Jioni Nasma akagonga kwa kijiko, yote manne yakaitika sauti moja, hakuna lililolia tupu.

Jumamosi maji yakitoka nao wakatoka. Mwani mwingine ulikuwa umeshakatika, kamba nyingi wakazikuta tupu. Uliobaki wakaujaza viroba, boti likarudi na maji yanayojaa, limelemewa, sakafu imetulia. Wakautandaza kwenye vichanja. Nasma hakwenda kuoga, akapitia kwa Mselem na nguo zake za chumvi. Akamkuta kwenye mkeka chini, ametazama ukuta.

"Yameshika?"

"Yameshika. Tumepata kama nusu. Moja linalia kidogo likikanyagwa."

"Lipi?"

"La mbele."

"Hilo lina fundo. Halina neno."

Akageuka ubavu, hata jibu hakungoja, akaanza kukoroma. Nasma akakaa akiegemea ukuta, apumzike kidogo ndipo aende kwake. Alisikia adhana ya alasiri inaanza. Mwisho wake hakuusikia, alikuwa ameshalala.