Kitanda Mbele ya Pazia

Kitanda kilitoka ndani ya kiti. Mwenyekiti alibonyeza kitufe, kiti kikajinyoosha polepole chini yake, na mgongo wake, uliokuwa umeinama mbele ya tanuri la vigae kwa miaka ishirini na miwili, ukalala chali juu ya mawingu kama mgongo wa mtu mwenye mali. Hapo ndipo alipopaswa kuogopa. Yeye alishukuru, akavuta blanketi, akalala.

Tusimwonee peke yake. Kosa lilifanywa na watu mia nne. Siku moja kabla ya safari ya kwenda kuzungumza na wakubwa wa kampuni ng'ambo, meneja wa wafanyakazi alisimama getini kwa wagomaji akatangaza kwamba kampuni, kwa kuheshimu mgongo wa Mwenyekiti wao, imemkatia tiketi ya daraja la biashara kwenye ndege ya Wachina, saa kumi na tatu angani, kitanda na kila kitu. Meneja huyo wagomaji walimwita Bwana Asali, kwa sababu ya mdomo wake. Na watu wale wale waliompa jina hilo, waliolala mbele ya geti wiki tisa, wakapiga makofi. Walikuwa wanaupenda mgongo ule. Hakuna aliyeuliza: na Msumari je?

Msumari alikuwa katibu wa kamati, mwanamke mwembamba asiyepindika, na dada mkubwa wa mke wa Mwenyekiti. Kadi za kupandia zilipotolewa uwanjani, yake ilisomeka safu ya hamsini na nane, kando ya choo.

"Shemeji, hii haikukaa sawa," Mwenyekiti alisema. "Tukae pamoja."

"Ndege imejaa," Bwana Asali alidakia. "Ningejua mapema, kaka yangu, ningewapanga kama bibi na bwana harusi."

Msumari alikohoa kwanza, kikohozi chake kile kikavu. "Nenda, shemeji. Mgongo huo ukikatika huko juu nitamwambia nini mdogo wangu? Ila usisahau daftari."

Daftari ndilo lililowafundisha kila kitu. Katika chumba cha tanuri, anayetoka zamu husimama upande huu wa meza na anayeingia upande ule, na daftari la zamu hulala katikati. Mikono ina udongo, kwa hiyo daftari halizungushwi. Wa huku hutia sahihi ikiwa wima, wa kule hutia yake ikiwa kichwa chini. Msimamizi akikuta sahihi mbili zimeelekea upande mmoja, anajua mtu mmoja kajaza zote, na tanuri halikukaguliwa. Mwenyekiti na Msumari walipokezana zamu hivyo miaka kumi na mmoja. Kamati ilipoundwa, desturi ikahamia huko: karatasi yoyote ya wafanyakazi hutiwa sahihi na wawili wanaotazamana, na hakuna anayeongea na kampuni peke yake.

Mwenyekiti alikuwa na sababu ya kuishika desturi hiyo kuliko wote. Mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliwahi kuwa mwakilishi katika kiwanda hicho hicho. Alialikwa chakula cha mchana na mwenye kiwanda, akaenda peke yake, akarudi na karatasi, na mgomo wa mwaka ule ukafia mezani kati ya supu na matunda. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwomba chumvi. Mpaka anaingia kaburini, hakuna jirani aliyegonga mlango wake kuomba hata kijiti cha kiberiti.

Na sasa mpwa wake alikuwa amelala mdomo wazi, ndani ya pajama ya kijivu aliyopewa na mhudumu na sapatu nyeupe miguuni. Suruali na shati lake vilikuwa vimetundikwa kabatini na mikono isiyo yake.

Alipozinduka, alidhani ni usiku. Madirisha yote yalikuwa yametiwa giza ili wakubwa wapumzike, ingawa nje jua la adhuhuri lilikuwa linawaka. Bwana Asali alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pake, kama ndugu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Umelala vizuri, kaka?"

"Saa ngapi?"

"Bado saa tano tutue. Muda mzuri wa kumaliza kazi." Aliweka karatasi ya makubaliano juu ya meza ndogo, kalamu juu yake, kifuniko kimeshatolewa. "Wakubwa wamerekebisha kifungu cha sita. Kidogo tu."

Kifungu cha sita ndicho kilichokuwa mgomo wenyewe. Vumbi la mawe yanayosagwa kutengeneza vigae huingia kifuani halitoki. Watu thelathini na mmoja walikuwa wamepigwa picha za mapafu, na mapafu yalionekana kama ukuta uliomwagiwa chokaa. Kifungu kilisema: kampuni itawatibu maisha yao yote. Mwenyekiti alivaa miwani. Sasa kilisema: kwa muda wa miaka miwili.

"Miaka miwili," alisema. "Baada ya hapo vumbi litakuwa limestaafu?"

Bwana Asali alicheka, akapunguza sauti. "Nakupenda kwa mdomo huo. Lakini sikiliza. Tukitua bila karatasi hii, wakubwa wanasitisha mazungumzo. Hakuna miaka miwili, hakuna hata siku mbili. Na shemeji yako ni mtu wa akili. Angalia chini hapo."

Mwenyekiti aliangalia. Sahihi ya Msumari ilikuwa pale. Ile M yenye mguu mrefu, ile nukta anayoikandamiza mpaka karatasi inatoboka.

Damu ilimwenda mbio. Aliishika karatasi karibu na taa, na ndipo alipoona. Sahihi ilikuwa wima. Mistari miwili ya kutilia sahihi ilikuwa sambamba, wake bado mtupu, na M ile ilisimama sawasawa na maandishi mengine yote, kama askari kwenye gwaride. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuiona M hiyo ikiwa imesimama kwa miguu yake.

Ameighushi, alijiambia. Mbwa huyu ameighushi.

"Nakwenda kumwona," alisema, akashusha miguu.

Ndege ikatikisika ghafla. Sahani ziligongana jikoni, taa ya mkanda ikawaka, na mhudumu akaja mbio, akimwonyesha kwa kiganja na tabasamu la kazi: kaa, kaa.

"Unaona?" Bwana Asali alisema, akifunga mkanda wake ng'ambo ya ujia. "Hata ndege inakwambia utulie. Tia sahihi, kaka. Wenzako watakuelewa."

"Mjomba wangu pia aliambiwa wataelewa."

"Mjomba wako hakupewa kitanda."

Mwenyekiti alikaa, karatasi imebanwa kwapani, akiitazama taa ile nyekundu kama alivyozoea kutazama kipimo cha moto. Taa ilipozimika, alikuwa ameshasimama. Aliipita safu ya vitanda, akalisogeza pazia.

Upande wa pili hakukuwa na vitanda. Kulikuwa na magoti. Magoti yaliyogonga viti vya mbele, watoto waliolala wamekunjika kama nguo sandukuni, hewa iliyokwisha kuvutwa na watu wengine. Alipita safu ya ishirini, ya thelathini, akijishika kwenye migongo ya viti, sapatu zikipiga sakafu pwata, pwata. Watu walimtazama. Mtu mzima katika pajama, kwenye kundi la watu waliovaa viatu. Kufika hamsini, aibu ilikuwa imemfika masikioni.

Msumari hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kiti cha katikati, leso mdomoni, kati ya kijana aliyejifunika uso na mfanyabiashara mmoja mnene mwenye mkoba mapajani. Alimwona shemeji yake tangu mbali, akamtazama kuanzia sapatu kupanda juu, bila haraka.

"Karibu, tajiri," alisema. "Umepotea njia? Choo chenu kiko mbele."

"Shemeji, ameghushi sahihi yako."

"Nani?"

"Asali. Tazama." Alimpa karatasi. "Nimejua kwa sababu iko wima. Wewe huweki sahihi hivyo."

Msumari hakuishika. "Hakughushi," alisema. "Nimetia mimi."

Mfanyabiashara aliacha kutafuna. Mwenyekiti alihisi mgongo wake wote umeshikwa na koleo.

"Wewe? Mwenye picha ya kifua mkononi?"

"Mimi. Alikuja hapa na simu. Akanionyesha picha yako. Umelala, mdomo wazi, glasi pembeni, yeye ameweka mkono begani kwako kama mlizaliwa tumbo moja. Akasema, shemeji yako ameshakubali, anapumzika, limebaki lako. Akasema nisipotia, atawaambia watu kule getini kwamba aliyewanyima hata hiyo miaka miwili ni mimi." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nikamwamini. Si maneno yake, shemeji. Niliamini lile blanketi. Nikasema, huyu ameshakula, nabaki kumshikia mlango wa nini? Nikaitia wima, kwa sababu upande wa pili wa meza hapakuwa na mtu."

Mwenyekiti alichuchumaa ujiani, mgongo ukalia, na macho yake yakawa sawa na ya Msumari.

"Sijakubali," alisema. "Mstari wangu ni mtupu. Nililala tu."

"Ulilala tu," Msumari alirudia. "Mjomba wako naye alikula tu."

Neno hilo lilimwingia mpaka mahali ambapo hakuwahi kumwonyesha mtu. Lakini hakuinuka. Alifungua meza ndogo ya kiti cha mfanyabiashara, akamwomba radhi kwa macho, akailaza karatasi.

"Kalamu yako iko wapi?"

"Ya nini?"

"Daftari halijafungwa, shemeji. Mimi niko upande huu."

Msumari akatoa kalamu kwenye nywele zake. Alikata kifungu cha sita chote kwa mstari mmoja mnene, akaandika juu yake: *Tumekataa. Matibabu ni ya maisha.* Akaikata na M yake iliyosimama. Halafu akatia nyingine, kwa nguvu, nukta ikatoboa karatasi. Mwenyekiti, akiwa amechuchumaa ng'ambo, alichukua kalamu akatia yake bila kuizungusha karatasi. Sahihi mbili zikatazamana, kichwa kwa kichwa.

"Hiyo ni mali ya kampuni!"

Bwana Asali alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika simu. Asali yote ilikuwa imemkauka mdomoni.

"Chukua," Msumari alisema. "Hatuli karatasi."

"Mnajua nina nini humu?" Aliitikisa simu. "Magurudumu yakigusa chini tu, picha hii inakwenda kwa watu wenu wote. Waone mwenyekiti wao anavyogoma. Tuone mtarudi kwa sura gani."

Mwenyekiti alimfikiria mjomba wake, mlango wake usiogongwa. Watu mia nne getini, na picha ile ikipita mkono hadi mkono. Asingeweza kuikana. Pajama ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wake, na usingizi ulikuwa mtamu kweli.

"Itume," alisema. "Lakini ngoja kidogo, usiichukue hiyo karatasi." Akamgeukia mfanyabiashara. "Bwana mkubwa, unajua kupiga picha?"

"Najua hata kupiga mtu," mfanyabiashara alisema, akimkagua Bwana Asali. "Leteni simu."

Akawapiga wote wawili kutoka juu: Msumari na leso yake, Mwenyekiti amechuchumaa na pajama yake, karatasi katikati. Bwana Asali aliinyakua karatasi, akarudi mbele ya pazia bila kuaga. Mfanyabiashara akajikwamua kitini.

"Kitanda chako ni namba ngapi, bwana? Maana naona wewe hukihitaji, na mimi nakoroma vibaya sana."

Mhudumu alipoelezwa kwa ishara, alikwenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akacheka, akakubali. Kwa hiyo saa nne zilizobaki Mwenyekiti alizimaliza kando ya choo, mgongo ukimwaka, magoti yamegonga kiti, na Msumari pembeni akikohoa. Mara moja tu Msumari alisema, bila kumtazama, "Tulikupigia makofi. Hata mimi nilipiga." Na Mwenyekiti akasema, "Ndiyo." Kila mmoja alikuwa anahesabu kimya kimya dakika za kutua.

Magurudumu yalipogusa ardhi, simu zote ziliwaka. Ya Bwana Asali ilikamata mtandao kwanza. Picha ya kitanda ikaingia kwenye kundi la wagomaji, na chini yake pakanyamaza. Watu mia nne, hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Mwenyekiti aliutazama ukimya ule kwenye kioo cha simu ya Msumari, na akausikia ndio ule ule, ukimya wa mlangoni kwa mjomba.

Msumari alibonyeza. Picha ya pili ilizunguka, ikazunguka, ikagoma. Watu walikuwa wanashusha mizigo juu ya vichwa vyao. Akabonyeza tena. Ikaenda.

Dakika moja. Mbili. Kisha fundi wa zamu ya asubuhi, mzee mmoja mbishi asiyemsifu mtu, akaandika: *Nimeikuza. Moja iko kichwa chini.* Baada yake mwingine: *Iko kichwa chini kweli.* Halafu yakaja kwa mafuriko, na getini, waliambiwa baadaye, makofi yalipigwa mara ya pili.

Ujumbe wa mwisho kabla hawajasimama ulitoka kwa mke wa Mwenyekiti. *Mkirudi utaeleza kitanda. Na hizo nguo gani?*

Msumari alimsomea kwa sauti. Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Mwenyekiti, katika pajama ya kijivu, akamshikia leso.

"Simama, shemeji," Msumari alisema. "Wakubwa wanatusubiri. Na safari hii tunaingia wawili."