Shati Namba Kumi na Saba

"Vua."

"Sivui."

"Nimesema vua hilo shati!"

"Mzee, hili ni shati langu."

"Ndiyo maana nakwambia ulivue! Lingekuwa la mtu mwingine ningehangaika?"

"Nimelinunua mwenyewe, nimelifua mwenyewe..."

"Na umeliunguza mwenyewe. Hebu geuka. Geuka nione! Hiyo alama ya pasi mgongoni utamwambia nini mama wa watu? Kwamba ndiyo saini yako?"

Hapo akanibana. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, chumba namba nne, nyumba ya wapangaji sita na bomba moja. Na kweli shati langu la maana lina alama ya pasi mgongoni, kahawia, imekaa vizuri mpaka ncha yake unaiona. Dobi mwenye shati la kuungua! Hata mimi nisingempa huyo mtu soksi zangu.

Aliyekuwa ananivua nguo ni jirani yangu, Mzee Tarishi wa chumba namba tatu. Kazi yake zamani ilikuwa kupeleka barua za wakubwa, ofisi hii na ofisi ile, miaka thelathini. Basi akastaafu akiamini kwamba alikuwa anabeba na akili zao. Ukipika, anakushauri. Ukianika, anakushauri. Mke wa mpangaji wa mbele alipojifungua, mzee alisimama mlangoni akamfundisha kunyonyesha.

Siku nyingine namwacha aongee huku napiga pasi. Siku hiyo nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anasikiliza chochote. Saa nne asubuhi alikuwa anakuja shangazi wa fundi cherehani. Fundi cherehani ana meza yake mtaa wa pili, na ndiye ninayetaka kumuoa. Huyo shangazi kamlea tangu mdogo. Mwenyewe aliniambia bila kuzunguka, "Nakupenda, lakini shangazi akikataa, mimi simruki." Na shangazi si mtu wa kudanganywa na biskuti. Ndiye anayeajiri wafagizi wa hospitali nzima. Amekataa watu wengi kuliko ninaowajua.

"Sasa nivae nini?" nikauliza.

Mzee akainyoosha shingo kwenye kamba yangu. Mashati ya wateja yamening'inia pale, safi, yana wanga, kama mabwana wanasubiri harusi.

"Unayo mashati thelathini humu ndani, unaniuliza uvae nini?"

"Mzee, nguo ya mteja haivaliwi."

"Nani kasema?"

"Aliyenifundisha kazi."

"Yuko hapa?"

Hakuwepo. Nikachukua jeupe la mikono mirefu. Lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Shati langu nikalisukuma chini ya kitanda.

Mzee hakuishia hapo. Akaleta saa yake ya ukutani, imesimama tangu alipostaafu, akaitundika juu ya kitanda. Akaleta faili nene la kahawia, akaliweka mezani. "Mtu mwenye faili mezani anaogopwa. Usilifungue, liweke tu." Halafu akaninong'oneza siri kubwa: "Akikuuliza swali gumu, jibu 'inategemea.' Wakubwa wangu wote walikuwa wanajibu hivyo. Hakuna hata mmoja aliyefukuzwa."

Hodi ikapigwa. Mzee akatoka mbio, akaenda kukaa nje chini ya dirisha langu, akaanza kufuta baiskeli yake ambayo haina matairi.

Shangazi akaingia, fundi cherehani nyuma yake kajifunga kanga mpya, macho chini. Nikaamkia. Shangazi akaitikia huku anapitisha kidole juu ya dirisha kutafuta vumbi. Hakulipata. Akakaa kwenye kiti, kiti pekee, sisi wawili tukakaa kitandani mbalimbali kama tumegombana.

"Saa yako inasema saa nane," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa hivi ni saa nne."

Nje, mzee akakohoa. Nikajua ndiyo ishara.

"Inategemea," nikasema.

Shangazi akaitazama saa, akanitazama mimi.

"Unakunywa pombe?"

Mimi pombe hata harufu yake siiwezi. Lakini mzee akakohoa tena, na mdomo wangu siku hiyo haukuwa wangu. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

Hilo mzee hakunifundisha. Nikatazama dirishani. Shangazi akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

"Sikiliza, kijana. Nikuulize moja tu halafu niende zangu. Binti yangu huyu unampenda?"

Mzee akakohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Inate..." nikaanza. Fundi cherehani akanikanyaga mguu kwa kisigino, mguu ule anaoendeshea cherehani siku nzima. Nikapiga kelele, "Ndiyo!"

"Mbona unalia?" shangazi akauliza.

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa. Mwalimu wa udereva, mteja wangu, kichwa kimeshatangulia ndani. "Dobi, samahani, najua tulisema jioni, lakini nahitajika mapema. Nimefuata shati langu." Akatoa kipande cha kadi ninachowapa wateja. "Jeupe, mikono mirefu. Namba kumi na saba."

Sasa nikueleze. Kila nguo inayoingia kwangu naitia namba kwa uzi mwekundu ndani ya kola, nyuma. Naishona kwa mkono wangu, naitoa mteja akija. Watu wote duniani wangekumbuka kugeuza kola na kuutoa ule uzi. Mimi ninayeshona namba zenyewe nilisahau.

Shangazi akainuka taratibu, akaja nyuma yangu, akaishika kola kwa vidole viwili, akasoma shingo yangu kama anasoma namba ya gari lililogonga mtu.

"Kumi na saba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nikavua shati pale pale, nikabaki na fulana ya ndani. Nikatoa uzi, nikakung'uta, nikamwambia mwalimu wa udereva kweli yote, nikamwomba anisubiri nilifue tena. Akalinusa. Akasema haraka yake ni kubwa kuliko hasira yake, akaondoka nalo, lakini suruali zake, akasema, atazifua mkewe.

"Haya, twende," shangazi akamwambia fundi cherehani. Yule mtoto wa watu akasimama, machozi yanamlenga, akalivuta faili kwa kiwiko bila kujua. Likaanguka, karatasi zikamwagika hadi miguuni kwa shangazi. Shangazi, mtu wa kuajiri, hawezi kuona barua asiisome. Akaokota ya juu, akasoma kwa sauti:

"'Kwa mwenye nyumba. Malalamiko juu ya dobi wa chumba namba nne. Mpangaji huyu huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, hata Jumapili, na kuburuta ndoo. Hana redio wala wageni. Hanywi, hivyo haiwezekani kukaa naye na kumshauri. Mwezi uliopita alikuta pete kwenye mfuko wa mteja, akatimua mbio hadi stendi kumrudishia, akaiacha pasi juu ya shati lake mwenyewe. Nyumba nzima ilijaa moshi. Aondolewe.'"

Nje, kitambaa cha baiskeli kikasimama.

"Nani kaandika hii?"

Kichwa cha Mzee Tarishi kikachomoza dirishani, kimejaa fahari. "Mimi! Nakala tatu. Moja kwa mwenye nyumba, moja kwa..."

"Umewahi kumpenda huyu kijana?"

"Sijawahi, mama. Ndoo zake zinaniamsha."

Shangazi akaikunja barua, akaitia kwenye mkoba wake. "Barua za kumsifia mtu nasoma kila siku," akaniambia. "Hii ya kumchongea ndiyo ya kwanza kuiamini. Hilo shati lililoungua liko wapi?"

Nikapiga magoti, nikalivuta kutoka chini ya kitanda, lina utando wa buibui begani. Akaligeuza, akaitazama ile alama.

"Sijasema ndiyo," akasema. "Jumapili uje kwangu. Uje na hili. Na ukinijibu tena 'inategemea,' usivuke kizingiti."

Wakatoka. Fundi cherehani akageuka mlangoni, akaupa mguu wangu pole kwa macho.

Mzee akaingia kuchukua saa yake. "Umeona kazi ya faili?" akasema. "Sasa, Jumapili. Nisikilize vizuri, kijana. Ukifika kwa mama yule, kwanza kabisa..."

Nikatia shati langu kwenye ndoo, nikaibeba, nikampa mgongo, nikaelekea bombani.