Msitu wa Ukuta wa Zahanati

Tupokigwe alikuwa juu ya ngazi akimalizia mguu wa vunjajungu. Chini yake akina mama walikuwa wamebanana kwenye kivuli cha ukuta, watoto migongoni, wakisubiri mizani.

"Huyo mdudu mbona kakonda hivyo?" mmoja wao aliuliza.

"Ndivyo alivyo," Tupokigwe akajibu bila kugeuka. "Na anakula kuliko wewe."

Wakacheka. Zahanati hiyo ya Kiwalani haikuwa na chumba cha kungojea, ila ukuta huo mrefu na benchi moja. Kwenye benchi, mikono mapajani, alikaa Bibi Sekela, mama yake Tupokigwe.

Kazi ya Tupokigwe hasa ilikuwa mabango: saluni, bucha, gereji. Ukuta huu ulikuwa kitu kingine. Sista Auleria, muuguzi mfawidhi, alimwambia achore chochote kitakachowasahaulisha watoto sindano, naye akachora msitu wa kwao milimani Rungwe. Akachora makangaga yenye mashina marefu kama minazi, jamii ya mimea iliyokuwapo duniani kabla ua la kwanza halijachanua. Akachora migomba-mwitu, nyenje, vipepeo, na yule mdudu anayejifanya kijiti mpaka umguse. Mwaka uliopita, alipokwenda kumchukua mama yake, bonde la nyuma ya nyumba yao alilikuta visiki na matuta ya viazi. Alikaa juu ya kisiki kimojawapo, akajaribu kukumbuka sauti za pale. Ndipo alipoanza kuchora wadudu, kwenye maboksi, kwenye mabati, popote.

Bibi Sekela siku hizi alimwita bintiye kwa majina ya watu waliokufa. Lakini ukimweka mbele ya ukuta ule, alimtaja kila mdudu kwa Kinyakyusa, mmoja baada ya mwingine, kama anaita watoto waje kula. Kwa hiyo Tupokigwe alimleta kila siku.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma pale kirikuu kilipoingia kimebeba milango mipya. Mbele alikaa Leodegar, bwana afya wa kata. Alishuka, akasimama katikati ya uwanja, akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho.

"Nani karuhusu hii?"

Sista Auleria alitoka ndani akijifuta mikono. "Mimi, mkuu. Ni picha tu za watoto."

"Picha za wadudu. Zahanati, sista, na wewe unajaza wadudu ukutani? Kesho mfadhili anakuja kukabidhi milango, na waandishi wa habari. Ikipigwa picha hii ikaenda mtandaoni, itasemwa nini?"

Tupokigwe alishuka ngazi. "Hawa ni wadudu wa msituni, mkuu. Hawamsumbui mtu."

"Hapa Dar kuna msitu wa namna hii?"

"Hakuna. Hata kule ulikokuwapo unakwisha. Ndiyo maana nimeuchora."

"Sikiliza, dada. Mie sina ugomvi na sanaa. Mwongozo unajulikana: ukitaka mdudu, chora mbu, na chandarua pembeni. Huu ukuta leo uwe mweupe." Akamgeukia Auleria. "La sivyo utajieleza wilayani, kwa maandishi."

Akaenda kusimamia milango. Vijana wawili waliishusha na kuiegemeza ukutani, juu ya makangaga. Ilikuwa ya mbao nzito, haijapigwa vanishi bado, na harufu yake ikamfikia Tupokigwe pale alipo. Mkafuri, mti wa msitu wa kwao. Sanduku la baba yake lilinukia hivyo hivyo.

"Mbao hizi za wapi, braza?" akamuuliza dereva.

"Milimani huko. Nzuri, eh? Mchwa hagusi." Akaipigapiga kwa kiganja. "Siku hizi kuzipata ishu."

Sista Auleria alimvuta Tupokigwe pembeni. Sauti yake ilikuwa chini. "Mdogo wangu, nimebakiza muda mfupi nistaafu. Najua ulivyojitesa. Ila nikitolewa hapa, nani atamwekea mama yako dawa za presha? Zikija haba unajua wanavyogawana."

"Unanitisha, dada?"

"Nakwambia ukweli. Mie mwenyewe natishwa."

Tupokigwe alitaka kusema waite fundi mwingine, afute yeye. Akamfikiria huyo fundi, rola mkononi, simu sikioni, akipita juu ya nyenje kama anapita juu ya uchafu. Akaenda stoo, akachukua ndoo ya rangi nyeupe.

Alianza na majani ya juu. Akina mama waligeuka kumtazama. Mmoja alisema, "Jamani, si wangemwacha tu," na mwenzake akamkanyaga mguu kwa sababu Leodegar alikuwa karibu. Mkono wa kwanza wa rangi haukufunika vizuri; mdudu wa kijiti alibaki akionekana kwa mbali chini ya weupe, ikabidi ampitie tena.

Alipofika kwenye vunjajungu, ambaye rangi yake ilikuwa bado mbichi, brashi ilimburuta, kijani kikachuruzika hadi chini.

Bibi Sekela aliinuka. Alikuja taratibu, akaushika mkono wa bintiye.

"Wamefyeka?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kule juu kwenye maji?"

"Na kule."

Bibi akautazama ukuta mweupe, kisha milango, kisha ukuta tena. "Nani?"

Leodegar alikuwa mlangoni akipimisha bawaba. Sista Auleria alikuwa ameinamia mizani. Tupokigwe alitafuta jina la kumpa mama yake, na kila alilolipata halikutosha. Brashi ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi, mama."

Bibi Sekela hakumlaumu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa msiba wa mbali, akageuka kutafuta benchi. Ukuta ulikuwa umeanza kurudisha jua machoni. Akakunja uso, akaketi na mtandio juu ya kichwa.

"Basi turudi nyumbani," akasema. "Hapa simjui mtu."