Viti vya Mzeituni

Esnah alikuwa anachuma chai, kikapu mgongoni, alipoona viti vya sebuleni kwa shemeji yake Sylvanus vimejipanga mstari shambani, kutoka barabarani kuteremka hadi mtoni. Vitambaa vya kufuma bado vilikuwa juu yake. Miguu ilikuwa na udongo, na mmoja ulikuwa umechipua jani.

Mstari ule aliujua. Hapo ilisimama mizeituni ya msituni, miti mirefu ambayo baba mkwe aliibakiza alipofyeka, iwe mpaka wa wanawe wawili. Matanga ya mumewe Esnah yalipokwisha, Sylvanus aliikata, akampa seremala wa Marani amtengenezee viti, kisha akavuta seng'enge hadi karibu na jiko la mjane. Kaburi la ndugu yake likabaki upande wa Sylvanus. Jambo hilo lilimkereketa Esnah kuliko chai yote aliyonyang'anywa.

Sylvanus alitokea akishika kiuno.

"Shemeji, umenitolea viti?"

"Vimetoka vyenyewe."

"Basi nisaidie kuvirudisha. Ni vizito."

Wakavirudisha. Kesho yake vilikuwa shambani tena, na kila asubuhi baada ya hapo.

Siku ya kusikiliza kesi ya mpaka, wazee wa kijiji walivikuta vimepangika.

"Bwakire buya, Mama Linet," mzee Obadiah, mkubwa wao, alimwamkia Esnah. "Umetuandalia vizuri."

Wakaketi mstari mmoja, wakanywa chai kwa viazi vitamu. Njiwa alitua akadonoa tunda jeusi lililoota kwenye mkono wa kiti. Obadiah akamfukuza kwa kofia.

"Hapo mlipokaa ndipo mpaka," Esnah alisema.

Obadiah aliinama akatazama chini yake, taratibu, kwa haki kabisa.

"Tunaona viti, mama. Mti tungeuona."

Wakaamua mpaka ni seng'enge.

"Na mume wangu?"

"Utaomba ruhusa kwa shemeji yako. Si mtu mbaya."

Asubuhi viti vilikuwa palepale. Sylvanus, mgongo ukimuuma, aliviacha huko akanunua vya plastiki. Esnah alibisha hodi kwake kuomba ruhusa.

"Nenda," Sylvanus alimwambia, "lakini usikawie."

Akaketi kwenye kiti kilicho jirani na kaburi, akang'oa magugu yaliyofikiwa na mkono wake, hadi alipoitwa atoke.